Mbwa wa Baba Mkubwa Issát

JOVNNA: Haloo? Nani mwenzangu? Jua linapiga kioo, sioni jina.

RISTEN: Mimi.

JOVNNA: Mimi nani? Huku hata kunguru akilia anasema ni yeye.

RISTEN: Risten, bwana! Dada yako. Sauti yangu umeisahau?

JOVNNA: Aaa, Mama Watalii! Nilidhani ni— [mkwaruzo] —wa mafuta ya pikipiki ya theluji. Za huko mjini Karasjok?

RISTEN: Njema. Za huko mlimani?

JOVNNA: Tunazama. Theluji imekuwa uji. Lakini kulungu majike wanazaa, hatulalamiki. Vipi, wageni wako wameacha kuuliza tuna kulungu wangapi?

RISTEN: Wataacha lini? Nawajibu kama alivyojibu baba, asiyetaja hesabu ya mali yake: wako upande huu na upande ule wa mti.

JOVNNA: Ha! Na wanaandika?

RISTEN: Wanaandika. Jovnna, umekula?

JOVNNA: Nyama kavu. Kahawa. Kahawa tena. Sasa mbona unaniuliza kama mama? Kuna nini?

RISTEN: Asubuhi nilikuwa dukani. Nimekutana na Elle, jirani yake baba mkubwa Issát.

JOVNNA: Ehe.

RISTEN: Kasema baba mkubwa amempiga Muste risasi.

[Upepo.]

RISTEN: Haloo? Upo?

JOVNNA: Nipo.

RISTEN: Ni kweli?

JOVNNA: Ni kweli. Jumatatu jioni.

RISTEN: Mbwa wake wa kazi, Jovnna! Tangu mkewe afariki, yule mzee alikuwa anaongea na nani kama si Muste?

JOVNNA: Unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyechimba shimo. Ardhi bado ina barafu, nimechimba kwa shoka.

RISTEN: Lakini kwa nini?

JOVNNA: Hukusikia? Jumatatu mchana kundi lilikurupuka. Majike na matumbo yao, na ndama wa siku mbili tatu, wote wakatimka kuelekea mtoni. Barafu ikapasuka. Ndama tisa wamezama, dada. Wengine wakaachwa na mama zao, hawataki hata kuwanusa. Nami nilikuwa ng'ambo ya pili, nafika yamekwisha. Nikakuta nyayo za mbwa zimevuruga theluji yote pale ukingoni.

RISTEN: Nyayo za Muste.

JOVNNA: Mbwa mwingine yupo? Nikamwambia baba mkubwa: mbwa wako amewakimbiza majike. Hakubisha. Unamjua. Akasema mbwa akishaonja kukimbiza wenye mimba haachi tena, na mwaka huu ni ndama wetu, mwakani ni wa— [mkwaruzo] —akaingia ndani akachukua bunduki. Muste akamfuata mkia juu, akidhani wanakwenda kazini.

RISTEN: Basi. Basi, usiniambie.

JOVNNA: Wewe ndiye uliyeuliza.

[Mkwaruzo.]

RISTEN: Jovnna, hakuwa Muste.

JOVNNA: Sikusikii vizuri—

RISTEN: Unanisikia. Hakuwa Muste. Jumatatu nilikuwa na wageni sita pale kilimani, upande wa magharibi wa mto. Nilitaka waone majike kwa mbali, kwa darubini tu. Wamekuja toka mbali kuijua nchi yetu na maisha yetu, nikasema niwaonyeshe kitu cha kweli, si kofia na visu vya dukani. Nikawasha moto, nikateleka kahawa. Nikiwa nimeinama, bwana mmoja akarusha droni.

JOVNNA: Akarusha.

RISTEN: Bila hata ku— nageuka, iko juu!

JOVNNA: Bila kukuuliza?

RISTEN: [anavuta pumzi] Aliniuliza.

JOVNNA: Ukasema?

RISTEN: Nikasema dakika mbili. Ipae juu sana, dakika mbili tu. Aliniuliza kwa adabu, Jovnna, na wote walikuwa wananitazama kama— nikajiona mkubwa. Mwenye nchi. Kisha ile droni ikashuka. Nikaona kundi linainua vichwa. Nikapiga kelele aitoe, akababaika na vitufe, nayo ikazidi kushuka. Wakatimka. Nikawafungasha wageni, tukaondoka. Nikajiambia watasimama kabla ya mto. Kila mwaka wanasimama kabla ya mto.

JOVNNA: Jumatatu. Leo Ijumaa.

RISTEN: Najua leo ni Ijumaa!

JOVNNA: Siku nne hukupiga simu.

RISTEN: Niliandika ujumbe. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikajiambia, wangekufa ndama ningeshaambiwa. Nilikuwa najidanganya, sawa? Nitukane basi. Mbona hunitukani?

[Upepo.]

RISTEN: Jovnna? Nitukane, kaka.

JOVNNA: Nilijua.

RISTEN: Ulijua nini?

JOVNNA: Jumanne nilipanda kilimani. Nikakuta majivu, machicha ya kahawa, na mawe ya moto yamepangwa matatu huku, moja limelazwa upande wa upepo. Nani mwingine anapanga hivyo? Mama alitufundisha sisi wawili tu.

RISTEN: Ulijua tangu Jumanne?

JOVNNA: Ngoja, sijamaliza. Pale juu mto unauona wote. Nikazitazama tena zile nyayo. Muste hakuwa nyuma ya kundi, Risten. Alikuwa mbele yake. Kati ya kundi na barafu. Ameenda huku amerudi, ameenda amerudi, theluji imechimbika. Alikuwa anawazuia. Wangalizama wote, kama si yule mbwa.

RISTEN: Mungu wangu.

JOVNNA: Mimi msomaji wa nyayo! Mimi niliyefundishwa na baba mkubwa mwenyewe! Jumatatu nilikuwa na hasira, nikaona nilichotaka kuona.

RISTEN: Na hukumwambia?

JOVNNA: Ningemwambiaje? Mzee, samahani, mbwa wako alikuwa shujaa, tumeua bure? Na akiniuliza, basi aliyewatisha ni nani? Ningemtaja nani? Wewe?

RISTEN: Ungenitaja.

JOVNNA: Rahisi kusema ukiwa mjini. Siida yetu, sisi tunaochunga pamoja, ni nyumba tatu tu, dada. Ukigombana na mmoja, unachunga na nani? Nikajiambia namlinda dada. Wapi! Nilikuwa nakuficha wewe ili nijifiche mimi. Jana amenijia hapa na jibini la kuchovya kwenye kahawa. Akaniomba radhi.

RISTEN: Akakuomba nini?

JOVNNA: Radhi. Kwa ajili ya ndama. Kwamba hakumfunza mbwa wake vizuri. Nikaipokea, Risten. Nikala na jibini lake.

[Mkwaruzo.]

RISTEN: Lazima ajue.

JOVNNA: Jumapili nitashuka. Tuongee kwanza sisi wawili, tupange maneno—

RISTEN: Maneno gani ya kupanga? Niko kwake.

JOVNNA: Kwake wapi?

RISTEN: Langoni. Nimezima gari. Nusu saa sasa nimekaa na simu mkononi, sijui nianze na yeye au na wewe.

JOVNNA: Usiingie! Ningoje. Nikiiwasha pikipiki sasa hivi, ni mwendo wa saa mbili tu—

RISTEN: Na majike umwachie nani? Acha. Kosa la kwanza ni langu, na maneno ya kwanza yatakuwa yangu.

JOVNNA: Betri yangu inakufa, dada, baridi imeila. Sikiliza, ukimwona—

RISTEN: Ameshaniona. Ametoka mlangoni.

JOVNNA: Amekasirika?

RISTEN: Ananipungia mkono. Amekonda, Jovnna. Anasema kitu, ngoja nishushe kioo. [anashusha kioo]

JOVNNA: Anasemaje? Risten? Anasemaje?

RISTEN: Anasema nisikae ndani ya gari kama mgeni. Nishuke tu, mbwa hayupo.

JOVNNA: Eee Mungu.

RISTEN: Nashuka. Kwaheri, kaka. Kula chakula cha moto.

JOVNNA: Ngoja! Mwambie na mimi nilijua. Usinifiche. Mwambie nyayo nilizisoma vibaya, na nilipozisoma vizuri niliny— [mlio wa simu kukatika]

RISTEN: Haloo? Jovnna? ... Naam, baba mkubwa. Nakuja.