Kibuyu Kilichohamia Nairobi

Kule Roret, kando ya kituo cha kupimia majani chai, kulikuwa na benchi ambalo kazi yake ilikuwa kungojea lori la kiwanda. Lori lilichelewa, watu wakakaa. Likichelewa zaidi, wakaanza kuitawala dunia kwa maneno. Alasiri hiyo ya mwaka wa sabini na sita ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vikapu, na birika la chai la Bonareri mwenye hoteli lilikuwa likipita mkono kwa mkono. Alikuwepo Nyamwange, waliyemwita Spika kwa sababu hakuna aliyemaliza sentensi bila ruhusa yake. Alikuwepo Okello, aliyewahi kuwa turniboi, msaidizi wa dereva, katika lori la Nairobi, ndiyo maana jina lake likawa Stesheni. Na katikati yao Kipkosgei, mzee mpole waliyemwita Kimya, ambaye leo hakunyamaza hata kidogo. Jumamosi angepanda basi kwenda Nairobi kukiona kibuyu cha marehemu mama yake.

— Niliiona na macho yangu, Okello alisema. Iko makumbusho, ndani ya kioo. Kibuyu ya Kipsigis, shingo imeshonwa na ngozi, na kwa kifuniko kuna simbi moja ya baharini imevunjika.

— Hiyo simbi nilivunja mimi na meno, nikiwa mtoto, alisema Kipkosgei, na macho yakamng'aa. Hiyo ni ya mama.

— Basi ukishuka, usikimbilie makumbusho. Anza stesheni. Kuna behewa hapo, simba aliingia akatoa mzungu kwa dirisha. Halafu pita kwa maduka ya zamani ya Wahindi, zile za mawe. Tembea polepole. Hiyo mji ya zamani haitaki mtu wa mbio.

Kipkosgei alifumba macho. Aliziona nyumba hizo za mawe zikielea ndani ya ukungu huu huu wa Roret, milango wazi, na huko mwisho nyumba moja kubwa, tulivu, yenye taa. Moyo wake ulikuwa umekwisha kusafiri. Kilichobaki benchini ni koti.

— Wewe sikia, alisema Nyamwange. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo kibuyu imekaa Nairobi tangu mkoloni. Saa hii ni mfanyakazi wa serikali! Iko na pensheni!

— Na marafiki, Okello alidakia. Wakifunga mlango jioni, vitu zote zinaanza kuongea. Ngoma ya Pwani inauliza ngao ya Maasai, umeshindaje?

— Kwa lugha gani? Nyamwange aliuliza.

— Kiswahili, bwana. Hata huko kila mtu anaharibu yake.

— Na yule ndovu wa hapo makumbusho, mwenye alikufa wakamsimamisha tena?

— Huyo ndiye askari.

— Basi Kimya, chunga sana, Nyamwange alisema akimnyooshea kidole. Samaki mkunje angali mbichi. Wakikuona na hiyo koti watakufungia kwa kioo. Wataandika: Mzee, alipatikana Roret, usiguse.

— Waandike, alisema Kipkosgei. Bora kwanza nikunywe.

— Ukunywe nini?

— Mursik. Maziwa ya kuganda ya mkaa, kama ya mama. Nyumba iko na kibuyu, mgeni haondoki na kinywa kavu. Nitaambia mlinzi mimi ni mtoto wa mwenyewe. Atatingisha, atafungua kifuniko, atanimiminia kidogo. Sitaki mingi.

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Spika, mtu wa kucheka matangani, aliitikia kwa kichwa. Wote walikuwa wamelelewa na sheria hiyo, huku kwa Wakipsigis, kule kwa Wakisii na kwao Okello, na haikuwapitia akilini kwamba Nairobi ingekuwa na sheria nyingine. Kipkosgei alikuwa amekwisha kuyasikia maziwa hayo ulimini, mazito na machungu kidogo, na raha ikamjaa kifuani.

— Stesheni, si hiyo kibuyu ilikuwa imejaa? aliuliza.

— Ilikuwa imesimama vizuri, Okello alijibu. Kama mtu ameshiba.

Wakati huo alifika Nyambeki, bibi mpya wa jirani, aliyeolewa juzi kutoka Kisii. Alitua kikapu cha majani, akawasalimu, akapewa chai. Alikuwa ameyasikia maneno yao tangu njiani.

— Samahani, wazee, alisema. Na huko makumbusho, nani anakamua ng'ombe?

Lori lilisikika likipanda mlima, na hakuna aliyeinuka.

Kipkosgei alihisi ile nyumba yenye taa ikizimika ndani yake, chumba baada ya chumba. Aliumia sana, na hakuficha.

— Ule mwaka ng'ombe yetu ilikufa yote, alisema taratibu, mama alikuwa anaamka asubuhi anaona kibuyu tupu, analia. Mzungu mmoja alipopita, mama akampa hiyo kibuyu. Mama alisema, peleka mahali kuna maziwa.

— Sasa hutaenda? Nyambeki aliuliza kwa sauti ya chini.

— Nitaenda, mama. Lakini si kutembea kama mgeni tena. Naenda kupea hiyo kibuyu pole.