Hajati Bushira na Kifaa Alichokichagua Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaelekeza madereva wetu kwa simu, Hajati Bushira Jibril anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Wengine wetu tungependa tarehe hiyo ipotee njia, lakini huyu mama hajawahi kumwacha mtu apotee.

Alikuja kwetu kutoka Bombo kama karani, simu za mkononi zikiwa bado ngeni. Wakati huo dereva akitoka hapa yadini Nakawa, Kampala, na trela la simenti, ilikuwa ni yeye na Mungu wake hadi Arua. Hajati aliona haifai. Akaanza kumuuliza kila anayerudi: daraja gani limelegea, kona ipi trela haligeuki, mizani ipi ina foleni. Meza yake ikawa kituo. Dereva akipotea alibipu, Hajati akapiga. Okwera bado anasimulia siku alipomwambia, "Hajati, barabara imekwisha," akajibiwa, "Barabara ipo, Okwera, ila wewe umeiacha. Kushoto kwako unaona nini?" Lawama zilingoja mpaka mtu arudi na anywe chai kwanza.

Ramadhani ya mwaka jana alilazwa hospitalini Nsambya, meza ikabaki bila mtu. Dawudi, akiwa na shehena ya mchele, alikata njia ya mkato, kalvati likabomoka chini yake, akalala kwenye kinamasi akibipu simu isiyo na mwenyewe. Alitoka salama. Hajati ndiye ambaye moyo wake haukutoka kwenye kinamasi kile, hata aliporudi kazini. Tangu hapo kila alipokohoa aliitazama ile simu.

Mwaka huu ofisi iliamua kununua vifaa vya GPS vya kuelekeza njia kwa malori yote, ikamwomba yeye achague. Ilisemwa wazi mbele yetu sote: kikipatikana kifaa kizuri, meza ya simu itafungwa. Nani angemlaumu kama angesema vyote ni vibovu? Mimi, fundi umeme wa malori, nilikuwa tayari kuapa upande wake.

Alivijaribu vitatu ndani ya trela la dereva Odyek, thamosi ya chai mapajani. Nilipanda nao ili nivifunge, na cha kwanza nilikisifu sana, maana kilikuwa na kioo kipana na sauti ya mtangazaji wa redio. Kumbe ni cha magari madogo. Kilituona kama teksi, kikatuingiza Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya mji, saa ya kupakua mizigo. Tulikwama kati ya magunia, na mama muuza ndoo akamuuliza Odyek, "Ssebo, bwana wangu, hilo trela umekuja kununua au kuuza?" Hajati akanimiminia chai. "Sauti nzuri kweli, fundi. Tukae tuisikilize."

Cha pili kilitegemea mtandao. Tulipouacha mji kikanyamaza kama mkwe mgeni.

Cha tatu kilitaka kujua kwanza urefu wa trela, kimo chake na uzito wake. Ramani ilikuwa ndani yake, umeme wa lori haukukiunguza, na sauti yake ilishinda injini. Hajati alikitega kwa barabara anazozijua, kikajibu sawa. Akakitega tena, kikamwonya kuhusu daraja lililopunguziwa uzito, ambalo habari zake zilikuwa hazijamfikia. Hapo akafunga thamosi. Odyek akageuza trela, tukarudi Nakawa.

Ofisini alisema, "Chukueni hiki." Nilimfuata nje nikamsihi atafute kasoro, hata ndogo. Akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wanaofunga taa za breki kinyume, kazi ambayo nina uzoefu nayo. "Fundi, mimi huugua. Hiki hakiugui."

Aliombwa abaki mapokezi. Alikataa kwa adabu, akasema hajazoea kukaa mahali ambapo hakuna aliyepotea.

Mwezi huu malori yote yamefungwa vifaa, mengi kwa mikono yangu, na sijawahi kufanya kazi safi kwa moyo mzito hivi. Madereva wanafika mapema, tena salama. Juzi asubuhi nilimkuta Hajati ameinua mkonga wa simu, anasikiliza kama bado inafanya kazi. Ilikuwa inafanya. Nikajifanya nimekuja kutafuta stepla.

Hajati, asante kwa kila dereva aliyerudi akalala kwake. Umetuchagulia vizuri, na hilo ndilo linalotuuma. Nenda Bombo, binti yako Sitti na wajukuu nao wakufaidi. Mungu akupe afya, na siku zilizo mbele ziwe njema. Na huko nyumbani simu ikilia, usishtuke ukauliza kushoto kuna nini. Hakuna aliyepotea. Ni sisi tu.