Damu ya Upande wa Baba

BHOKE: Haloo, Obura? Ni mimi, Bhoke wa Itiryo.

OBURA: Bhoke gani? Ngoja nisogee, hizi krasha zinasaga mawe mpaka maneno. (Anasogea.) Eeh, mama Heche. Habari za miaka?

BHOKE: Za kuchoka. Bado uko huko kwenye rashi, kuchimba dhahabu?

OBURA: Niende wapi? Juzi nimetoa jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, likanitoroka kwa miguu yake—

BHOKE: Leo sina nguvu za hadithi. Mtoto amepimwa damu.

OBURA: Heche? Anaumwa?

BHOKE: Bado. Wale madaktari wanaopima vijana wa machimbo wanasema sukari haijapanda, ila damu yake ina alama za kurithi. Kisukari kinamnyemelea. Wakijua kimetoka upande gani, watajua ni cha aina gani, wamuwahi na dawa inayomfaa. Mimi wamenipima, sina. Wakasema aje baba.

OBURA: Si aende mama Philomena? Ndiye aliyekuoa, ndiye aliyetoa ng'ombe.

BHOKE: Alienda.

OBURA: Alienda?

BHOKE: Kavaa gauni la kanisani, akamwambia nesi, "Baba ni mimi. Ng'ombe zangu, boma langu, mtoto wangu. Toa damu." Nesi akabaki ameshika sindano. Nilipomweleza mila yetu, mwanamke kuoa mwanamke ili apate mtoto, akasema taratibu kwamba ng'ombe hawaonekani kwenye kipimo.

OBURA: (Anacheka.) Mama yule—

BHOKE: Usicheke. Tulipofika nyumbani akasema, mpigie yule mtu.

OBURA: Yule mtu.

BHOKE: Hajawahi kukutaja zaidi ya hapo. Sasa niambie, vidole vya mguu wako vilienda na nini?

OBURA: Si nilikwambia, mamba wa mto Mara. Ana mgongo kama—

BHOKE: Binti yako Akech ulimwambia ni jiwe lilikuangukia duarani, shimoni mwa mgodi.

OBURA: Haloo? Mtandao huku una—

BHOKE: Mimi nakusikia vizuri.

OBURA: Sukari. Ilinianza nikiwa kijana. Na baba yangu hivyohivyo, na mdogo wangu Omondi. Sasa mwanaume wa machimbo aseme amekatwa vidole na sukari? Afadhali mamba.

BHOKE: Basi njoo hospitali Alhamisi. Na Akech umlete, apimwe naye.

OBURA: Heche atakuwepo?

BHOKE: Atakuwepo, na mama Philomena atakaa katikati yenu. Wewe ni mtu amekuja kutoa damu.

OBURA: Akiniuliza mimi nani?

BHOKE: Hatauliza. Ana adabu, atakuamkia shikamoo.

OBURA: Nami nimwambie nini?

BHOKE: Marahaba.

OBURA: Marahaba tu? Miaka yote hii, Bhoke—

BHOKE: Marahaba tu. Halafu ukunje mkono wa shati. Haya baba Akech, salio linaniishi—