Fundi Turubai na Barabara Zake

Ndugu na majirani, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu. Mama ndiye aliyestahili kusoma, lakini amesema sauti imemwishia. Mtanivumilia.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kufika kidato cha pili. Macho ya babu yalipofifia hata akawa anajichoma na sindano, Baba aliacha masomo akashika kazi. Hakulalamika, ila vitabu vya jiografia hakuvirudisha shuleni.

Mwaka 1970 aliingia karakana ya turubai, akashona vifuniko vya malori kwa miaka arobaini na mmoja. Kwa mabaki alijishonea mifuko minne, akaifunga kwenye baiskeli yake ya chuma: hema, sufuria, spoku za akiba, shati la pili. Wenzake wakamwita Furushi, na jina likaganda. Agosti 1978 aliendesha siku tisa hadi mpakani, akarudi amekonda, midomo imepasuka, akiulizia ramani nyingine.

Msimamizi wake, mwenye baiskeli nyepesi ya kung'aa, alimwambia kwamba wao ni ndugu wa mchezo mmoja. Baba akamjibu kwa upole: "Hapana, bosi. Wewe ukichoka unageuza. Mimi nikichoka natafuta pa kulala."

Tarehe 25 Aprili 1981 alimwoa Mama, karani wa posta. Mama naye alipenda baiskeli, ila kwa kujiburudisha: Jumapili alasiri, mwendo wa kuongea, kuzunguka uwanja wa mpira na kurudi. Baba alimshawishi wasafiri pamoja mara moja tu. Kilomita ya thelathini, Mama alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye kibao cha barabarani, akasimamisha basi. Baiskeli yake ilirudi juu ya keria ya basi, na Baba akafika nyumbani siku sita baadaye. Walikuwa wakiisimulia wote wawili, kila mmoja akijiona mshindi.

Lakini si yote yalikuwa ya kuchekesha. Tarehe 6 Septemba 1992 bibi yetu, mama yake Baba, alifariki ghafla. Baba alikuwa njiani, na hakuna aliyejua ni njia ipi. Tulisubiri siku tatu, tukazika. Alifika tarehe 17, amejaa vumbi, ana kitenge alichomnunulia mama yake. Mama alimpokea mlangoni. Alimwambia, "Tumeshazika." Baba aliitundika baiskeli stoo, ikakaa huko miaka kumi na mmoja.

Miaka hiyo alikuwa nasi kila siku, na tuseme ukweli, nyumba ilikuwa nzito. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye foleni ndefu. Mwaka 2003 Mama alichoka kumtazama. Aliishusha baiskeli mwenyewe, akamnunulia simu, akampa sharti moja: apige kila siku saa kumi jioni. Tangu hapo kila Agosti Mama aliishi kwa kuitazama saa. Baba alisafiri, yeye alichoka.

Mwaka 2016 miguu ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umepanuka, safari ndefu basi, ila matembezi mafupi ruhusa. Ndipo, akiwa na miaka sitini na mitano, Baba alizunguka uwanja na Mama, bila mfuko hata mmoja. Waliporudi alikaa barazani akamwambia, "Kumbe ndiyo raha uliyokuwa unaipata, na husemi?"

Mama akamjibu, "Nilisema kila Jumapili. Hukuwepo."

Baba aliinamisha kichwa, akamwomba msamaha, wa hilo na wa yale ya mwaka 1992. Mama alimsamehe. Nilikuwepo, nilisikia. Waliendesha Jumapili thelathini na moja, kisha miguu ikakataa.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kulazwa na kuruhusiwa, vidonge saba asubuhi, mito mitatu mgongoni ili apumue. Mama alimgeuza, alimwosha, alimlisha. Mara nyingine alisinzia akiwa ameshika kijiko. Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, saa tatu asubuhi, Baba alimwambia aache kwanza uji, akae. Mama alikaa. Baada ya muda mfupi pumzi ilikatika, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada zake wawili. Tumechoka, hatuoni aibu kusema. Yeye alichoka kutuzidi. Mwacheni Baba alale, na Mungu amlaze pema.