Picha Iliyokatwa Mikono

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, ndugu zangu wa Temeke, na nyie mliotoka Kinondoni kwa miguu asubuhi hii, ahsanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Ananijua, ndiyo maana amekaa karibu anishike shati nikizidisha.

Sitamtaja mtu. Wanaojua watajua, na wasiojua wasianze kugeuza shingo.

Mie ni mpiga picha, hilo mnalijua. Nusu yenu picha zenu za harusi nimezipiga uani kwangu, mmesimama mbele ya lile pazia nililochora ngazi za mawe ambazo Temeke nzima hazipo. Ufundi huu nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu wa Khoja, mwenye duka la picha kule mjini. Nilipofika Dar es Salaam kutoka kusini, nikiwa kijana, alinichukua kufagia, kisha akanifundisha. Kabla hajaniruhusu kugusa kamera aliniambia mambo mawili. Kwanza, mtu akipigwa picha lazima aipate picha yake, na kama amefariki wapewe wanawe. Pili, mkanda wako usilale kwa mtu mwingine. Mkanda, kwa msiojua, ndio unaobeba sura yenyewe ndani ya kamera. Mwenye mkanda anaweza kutoa picha atakavyo, nzima au nusu.

Hilo la pili nililivunja, na nililivunja kwa sababu ya upendo.

Nilikuwa na rafiki, mwinjilisti. Alinisimamia ndoa yangu, na mwanangu wa kwanza yeye ndiye baba yake wa ubatizo. Akila kwangu alikuwa haulizi kuna nini, anavuta kiti tu. Siku moja akaja mbio, akasema kanisa linapeleka watu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo ya Mbelgiji, kuhubiri kwa mwezi mmoja. Wanakwenda mchungaji Mzungu na wainjilisti wawili, na wanataka mpiga picha. "Nimewaambia ni wewe," akasema. "Nimewaambia hakuna mwingine."

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilitembea Temeke nikiwasalimu mpaka watu nilionuniana nao. Mie, kijana wa kufagia, nakwenda nchi ya watu kwa kazi ya Mungu, na kamera yangu shingoni.

Tukapanda gari moshi mpaka Kigoma, tukavuka kwa meli, halafu tukatembea milimani mpaka kwenye kanisa dogo la udongo. Nilidhani tunawapelekea watu injili. Kumbe walikuwa nayo tangu zamani, na nyimbo wanaimba kutushinda sisi. Waliotupokea walikuwa akina mama, na kiongozi wao alikuwa mjane mmoja mtu mzima. Babu yake alibatizwa, baba yake alibatizwa, yeye mwenyewe alikuwa akifundisha watoto katekisimu. Alituita sote wanawe, hata Mzungu, ambaye alikuwa na ndevu nyeupe.

Mama huyo alikuwa hajawahi kupigwa picha maishani mwake. Akaenda kuoga, akavaa gauni lake jeupe, akaja na Biblia yake na kuiweka mapajani, mikono yote miwili juu yake. Kanisani kulikuwa na giza, nikamtoa nje nikamkalisha jua likimpiga usoni. Hapo akakunja uso, macho yakawa madogo. Nikapiga. Mkanda ukaishia palepale. Nikaweka mpya, nikamgeuza kivulini, nikampiga tena, maana mtu mzima huwa nampiga mara mbili. Safari hii akatabasamu.

"Itakuja lini?" akaniuliza.

"Itakuja, mama," nikamwambia. "Nakuahidi."

"Mie sijui njia za mambo hayo. Nakuamini wewe."

Wiki iliyofuata rafiki yangu akashikwa na homa. Homa mbaya, ya kutaja majina ya watu waliokufa. Mchungaji na yule mwinjilisti mwingine walikuwa wamekwenda kijiji cha mbali. Mama yule akamchukua kitandani kwake, yeye akalala chini. Akamkanda kwa maji, akampikia uji, akamnywesha kwa mkono wake kama unavyomnywesha mtoto. Alipopata nguvu ya kuketi, rafiki yangu akaniita. Machozi yanamtoka. Akasema, "Nipige picha na mama yangu huyu. Nisije nikamsahau." Nikawapiga, yeye kajifunga blanketi, mama kashika bakuli mdomoni kwake. Shikeni picha hiyo kichwani, tutairudia.

Tulipofika Dar es Salaam, rafiki yangu akaniambia mikanda yote niipeleke misheni ikasafishwe huko, picha zitoke nyingi na wale wa ng'ambo wapelekewe zao. Nikasita. Nikamweleza alichonifundisha mzee wa Kihindi. Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Ndugu yangu, kwenye kazi ya Mungu hakuna changu na chako. Kwani huniamini?"

Nikampa. Nani kati yenu asingempa?

Miezi ikapita. Kila nikiuliza picha za watu wangu, naambiwa bado. Halafu nikaitwa kusaidia mkutano wa jioni katika ukumbi mmoja mjini. Kulikuwa na wageni kutoka Ulaya, wazee wa makanisa, na shuka jeupe ukutani la kuonyeshea picha kwa taa kubwa. Picha zenyewe zimetolewa kwenye vioo vidogo. Kazi yangu ni kuviteleza kimoja kimoja mbele ya taa, na rafiki yangu asimame aeleze. Mzungu wetu alikuwa amekwishasafiri kwao. Nilifurahi, nawaambia kweli. Nilijua naona kazi ya mikono yangu.

Nikateleza ziwa. Nikateleza kanisa. Nikateleza kioo kingine, na kwenye shuka akatokea mama yule. Ile ya jua usoni. Lakini ilikuwa imekatwa kifuani. Gauni jeupe halionekani. Biblia hakuna. Mikono hakuna. Umebaki uso tu uliokunjwa, mkubwa kama mlango, macho madogo.

Na rafiki yangu akasema, "Huyu alikuwa mchawi aliyeogopwa na nchi nzima. Tazameni macho yake. Hivi ndivyo alivyotutazama siku ya kwanza."

Ukumbi ukaguna. Mama mmoja wa Kizungu akafunika mdomo. Akaendelea kueleza walivyopambana naye, alivyowatishia, mama alivyoanguka chini akaokoka kwa maombi ya huyu rafiki yangu. Mie nimesimama nyuma ya taa, kidole changu bado kiko kwenye kioo. Mie ndiye niliyemkalisha juani. Nilijua kwa nini amekunja uso. Wakampigia makofi.

Nilimngoja mlangoni. Nikamwambia, "Yule mama alikulaza kitandani kwake."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Ndugu yangu, wageni hawa hawaguswi na habari za mama Mkristo aliyepika uji. Wanataka waone giza kwanza, ndipo waione nuru. Nani ataumia? Yuko ng'ambo ya ziwa."

"Picha ni yangu."

"Wewe umepiga picha," akasema. "Maneno ni kazi yangu."

Haikuchukua muda, tukasikia amechaguliwa kwenda Ulaya kusoma na kuhubiri. Kanisa zima likamsindikiza bandarini. Nami nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Alinikumbatia mbele ya watu.

Ndugu zangu, niliingia shimo. Nikitazama msalaba naona lile shuka. Nikisikia mahubiri nauliza moyoni, na hili limekatwa wapi? Jumapili nikawa nashinda kilabuni na pombe yangu. Bwana harusi akija na mchumba wake, namwambia akatafute mpiga picha mwingine, mie macho yanauma. Mke wangu, huyu hapa mwenye khanga ya bluu, hakunigombeza. Aliamka kuchoma vitumbua, akauza, akatulisha, na kila jioni akalifuta vumbi lile pazia la ngazi kana kwamba kesho kuna wateja. Nilimwonea hasira kwa kulifuta. Mwisho nikaichukua ile kamera ya safari, nikaipeleka kwa yule mzee wa duka. "Iuze," nikamwambia. "Sitaki kuiona."

Akaniuliza kisa. Nikamwaga yote. Mzee hakusema neno juu ya dini yangu, wala hakunikumbusha kwamba alinionya. Aliichukua tu kamera akaiweka ndani.

Baada ya siku kadhaa akamtuma mtu aniite. Nilidhani amepata mnunuzi. Nikamkuta amekaa, mikono inanuka dawa za kusafishia picha.

"Bwana wewe," akasema, "nilikufundisha kuuza kamera ina mkanda ndani?"

Kumbe ule mkanda wa pili haukuwa umejaa. Siku ya kuondoka tulikimbilia meli, nikausahau humo, maana harusi za uani nazipiga kwa kamera nyingine kubwa ya miguu mitatu, na mikanda niliyompa rafiki yangu ilikuwa mingine. Mzee aliufungua gizani, akausafisha yeye mwenyewe. Akanionyesha picha mbili juu ya meza. Moja, mama yuko kivulini, anatabasamu, gauni jeupe, Biblia mapajani, mikono yote miwili. Ya pili, mama ameshika bakuli la uji, na anayenyweshwa ni rafiki yangu.

Nililia dukani kwa watu. Mzee akafunga mlango kwanza wateja wasinione, kisha akasema, "Huyu mama hajapata picha yake. Unangoja nini?"

Hapo ndipo nilipogeuka. Si kwenye mahubiri, wazee wangu, mnisamehe. Ni dukani kwa Mwislamu.

Ndugu mmoja wa hapa anayefanya kazi reli alinisaidia nikapata nafasi kwenye gari moshi. Nikavuka ziwa peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyomweleza mama habari asiyoijua. Nilipofika uani kwake, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinuka. Akaniuliza, "Mikono yangu umeipeleka wapi?"

Alikuwa anajua. Walikuwa wamekuja wageni wa misheni, wanaulizia yule mchawi aliyeokoka, na wameishika picha yake, ile iliyokatwa. Ndivyo alivyoiona sura yake kwa mara ya kwanza maishani, mikononi mwa wageni, akiitwa mchawi. Majirani walisikia. Wapo waliowatoa watoto wao kwenye katekisimu. Na muda wote huo alidhani ni mie, maana mie ndiye niliyeahidi.

Nikapiga magoti. Sikujitetea sana. Nikampa ile picha nzima. Akaitazama, akapitisha kidole kwenye gauni, kwenye Biblia, kwenye mikono. Kisha akainuka, akajifunga nguo vizuri, akasema, "Twende." Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango anaionyesha: "Hii ndiyo yenyewe. Tazameni mikono yangu ilikuwa imeshika nini." Mie nyuma yake, kila mlango naulizwa, nami najibu: ni kweli, nilikuwapo, nilipiga mie. Watoto wakaanza kurudi kwake, si wote.

Jioni nikamwonyesha ile ya uji. Nilidhani atataka tuitangaze. Nilikuwa na hamu hiyo, msinione mtakatifu. Nilitaka itundikwe kila kanisa, watu wazomee. Mama akaishika, akamtazama yule mgonjwa ndani ya blanketi.

"Huyu alipona?" akaniuliza.

"Alipona, mama."

"Hii si yangu. Alisema upige asije akanisahau. Mpelekee."

Mke wangu, ahsante kwa kulifuta lile pazia. Ndugu yangu wa reli, ahsante. Mzee wa duka hayupo hapa, lakini mkipita mjini mpeni salamu, mwambieni nimesema. Nanyi mlionipokea tena kanisani bila kuniuliza nanuka nini, Mungu awakumbuke. Ninalowaachia ni hili: mkionyeshwa sura ya mtu na kuambiwa ni mbaya, ulizeni mikono yake ilikuwa ikifanya nini.

Mtauliza kama nimesamehe. Bado. Naomba kila siku, na kila siku naona lile shuka. Ninachotaka ni kimoja, kwamba pale aliposimama akasema uongo, asimame tena aseme kweli. Mama yule ni mtu mzima, na hana muda wa kungoja.

Nasikia wapo waliorudi kutoka Ulaya mwezi huu. Nasikia wengine wamo humu ndani leo, nami sijageuka kutazama nyuma. Pale mezani, karibu na mlango, nimeweka picha moja, imefungwa kwenye karatasi, uso chini. Nyie wengine nawaomba msiiguse, hata kama mna hamu. Ina mwenyewe. Aliyepigwa picha lazima aipate picha yake.

Mwenyekiti, nimemaliza. Tuimbe, watu watoke. Mie nitabaki hapa mbele, nimeelekea ukutani, mpaka mtu wa mwisho apite mlangoni.