Kipepeo cha Badi

Mwaka ule wa themanini na nane, kijiwe cha kahawa cha Badi kilikuwa nyuma ya hoteli, chini kabisa ya dirisha la ofisi, na kwa miezi minane watu wa pale walikunywa kahawa yao huku printa ya ndani ikikereza karatasi mpaka meno yakawatia ganzi. Mwanzo walilalamika. Baadaye wakaizoea, hata Badi akiisikia yaanza hujua saa kumi imeshafika, akatia tangawizi kwenye dele la kahawa. Lakini juma lile printa ilinyamaza tangu Jumatatu. Ijumaa, baada ya Alasiri, Athman karani wa kompyuta alishuka kutoka ofisini na uso wa mtu aliyefiwa, akakaa ukingoni mwa benchi. Kesho yake wageni tisini walikuwa washuka kwa ndege, na meneja alikwisha kumwambia wazi: orodha ya vyumba isipochapwa kabla ya Magharibi, taipureta ya Bi Batuli, mpiga chapa wa zamani, itatolewa stoo, na yeye Athman arudi mlangoni kubeba mizigo. Kubeba mizigo hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mama yake, Bi Kibibi, alishatangazia mtaa mzima wa Muyeye kuwa mwanawe hashiki tena masanduku ya watu.

— Shikamoo, Ami.

— Marahaba, alijibu Bwanamkuu, mzee wa Lamu mwenye duka la nyavu, ambaye hajapata kuulizwa jambo akasema hajui. Haya, imenena?

— Haijanena.

Badi alimmiminia kikombe bila kuulizwa, kisha akarudi kupepea makaa yake.

— Hebu tueleze tena, alisema Amin fundi baiskeli, ambaye mji mzima wamwita Spoku. Taratibu, maana jana sikukufahamu.

— Jumatatu alikuja fundi kutoka Mombasa. Akasema mfumo tunaoutumia umepitwa na wakati, akatuachia diski ya mfumo mpya. Tangu hapo printa haisikii. Nimempigia simu, asema dereva wa printa hamo kwenye hiyo diski. Atamleta Jumatano.

— Dereva? Kwani printa yenda wapi?

— Haiendi popote, Spoku. Ni maelezo tu yaliyoandikwa mle ndani, ya kuifundisha kompyuta namna ya kusema na printa. Yasipokuwamo, hazielewani.

— Na kompyuta yenyewe?

— Imekuwa nzito. Zamani wabonyeza herufi, yatoka. Sasa wabonyeza, wangoja, wajikuna mgongo, ndipo yatoka.

Amin alitikisa kichwa kama daktari aliyeuona ugonjwa.

— Umetia rimu mpya kwenye spoku kuukuu. Kaza spoku.

— Ziko wapi spoku?

— Fungua utaziona.

Bwanamkuu aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, watu hunyamaza.

— Hapa hapana la kukaza, alisema. Huo mfumo mpya ni mke wa pili. Mumemtia nyumbani bila kumwambia mkubwa, naye printa amefunga jiko. Mulimpa nini?

— Nani, Ami?

— Printa. Mulimpa kanga? Hata leso ya mkono?

— Ana karatasi sanduku zima.

— Karatasi ni chakula chake. Nauliza zawadi.

— Mie naona ni ile baridi ya ofisini, alisema Badi akiendelea kupepea. Mule ndani mwaweza kulaza samaki siku tatu. Mfumo umetoka Mombasa, umezoea joto, mara umeganda. Uleteni hapa kwenye makaa nusu saa, utaona utakavyochangamka.

— Hapana, hapana, alisema Amin, ambaye spoku alikwisha kuzisahau. Imechoka. Miezi minane yachapa majina ya Wajerumani, jina moja lazunguka karatasi. Nenda uichapishe "Ali". Jina fupi, ipate moyo.

Athman alicheka kidogo, na kicheko kikamwisha haraka. Hakuwaambia kwamba asubuhi ile alifunga mlango wa ofisi akaifukiza printa udi. Bwanamkuu alimsogelea, akamnusa shati, akatabasamu, kisha akarudi kwenye kikombe chake.

Wakati huo Nyevu alikuwa amefika. Huyu ni mama kutoka Ganze aliyemletea Badi mkaa kila Ijumaa. Alitua gunia lake, akajifuta jasho kwa ncha ya leso, akasimama kuwasikiliza mpaka akachoka.

— Mino nauliza tu, alisema. Hiyo diski ya kale, ilikuwa na kosa gani?

Amin alimtazama Bwanamkuu, Bwanamkuu akatazama ndani ya kikombe chake. Athman alitaka kusema imepitwa na wakati, akakumbuka kuwa hayo ni maneno ya fundi, yeye hajaliona kosa lolote kwa miezi minane.

— Haikuwa na kosa, alisema mwishowe.

— Kumbe. Basi si muirudishe? Iko wapi?

Hapo Athman akaingiwa na aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijikumbuka Jumatatu ile, ameshuka na diski ya zamani mkononi, akaitupa juu ya benchi mbele ya watu kwa madaha. "Hii sasa takataka," alisema, "sisi tumeshaingia mfumo mpya."

Kipepeo kilisimama. Wote walikuwa wakitazama mkono wa Badi, na kile kipande cheusi cha mraba ndani ya bahasha yake ya karatasi, chenye duara la kahawa katikati na pembe moja iliyobabuka.

— Wewe ulisema takataka, alisema Badi. Na kipepeo changu cha ukili kilikuwa kimekatika.

Athman aliipokea kwa mikono miwili. Aliitoa kwenye bahasha polepole, akapuliza jivu, akaigeuza huku na huku. Kilichoungua kilikuwa bahasha tu. Akakimbilia ofisini, ndara moja akaiacha chini ya benchi.

Walingoja. Makaa yalianza kufifia na kahawa kupoa, wala hakuna aliyejali.

— Ikikubali, alisema Bwanamkuu, mpeni kanga vivyo hivyo.

Kisha dirishani kukasikika ule mkerezo wao, mkali, wa kutia meno ganzi, ukaenda ukirudi, jina baada ya jina. Amin alisimama kabisa. Badi alinyoosha mkono akatia tangawizi kwenye dele.

Athman alirudi amelowa jasho, acheka peke yake, na Nyevu akamsogezea ndara yake kwa mguu.

— Tisini wote, alisema. Meneja anayo orodha mkononi.

— Alhamdulillahi, alisema Badi. Lakini makaa yazimika, na kipepeo umekwenda nacho. Mimi nipepee na nini?

Athman alitia mkono mfukoni, akatoa diski mpya, lebo yake yang'aa bado, akampa.

Badi alipepea mara mbili, akasita, akaipima uzito kiganjani.

— Ile ya zamani, alisema, ilikuwa nyepesi.