Dada Aliyetoka Ukumbini: Maisha ya Lavinia Halatoa

Waombolezaji wapendwa, nasimama mbele yenu mimi Meleane, wifi wa marehemu, kusoma historia yake kwa niaba ya mume wangu Kelepi, kwa kuwa desturi yetu ya visiwa vya Tonga haimruhusu kaka kukaa chumba kimoja na dada yake, hata dada akiwa jenezani, naye sasa yuko nyuma ya ukumbi kwenye tanuri la shimoni, anawapikia.

Marehemu Lavinia Halatoa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa kisiwani Lifuka, akiwa kifungua mimba, Kelepi akimfuata. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1967, kisha sekondari ya wasichana katika mji mkuu, Nuku'alofa, hadi 1978, na Januari 1980 akaajiriwa posta, akakaa miaka thelathini na moja bila barua kupotea mikononi mwake, ingawa kadhaa alizisoma. Alifunga ndoa na Semisi tarehe 6 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, Lose na Folau.

Heshima ya dada kwetu hupelekwa kwa kapu. Kila Jumapili Kelepi alimpelekea viazi vikuu, nguruwe aliyenona na mbavu za kondoo zenye mafuta, na hakupunguza hata mwaka 2009 dada alipogundulika kuwa na kisukari, ingawa Kelepi mwenyewe ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, kwa sababu kupunguza kapu la dada ni kumdharau.

Tarehe 9 Agosti 2016, katika ukumbi huu, Kelepi aliwafundisha kina mama kwamba unene na kisukari huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi, na kwamba mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, asingoje kesho. Lavinia alikuwa ameketi mbele, na alipomwona kaka yake anaingia kubandika ukutani picha ya mfuko wa uzazi, akakunja mkeka wake akatoka, kama alivyofundishwa, naye Kelepi akangoja mpaka mlango ufungwe ndipo aanze somo, akijisifu moyoni kwamba wazazi waliwalea vema. Nami nilikuwemo, nikasikia yote, ningeweza kumfuata nikamwambia, sikumwambia.

Novemba mwaka huo damu ikaanza. Alimwambia jirani yake Toakase tu, ambaye siku ya somo alikuwa safarini, "Shoga, ujana umenirudia, mwambie Semisi ajihadhari," wakacheka, na miezi kumi na minne ikapita. Januari 2018 tulimpeleka hospitali Nuku'alofa, saratani ikiwa imeshafika kwenye mapafu, akafariki tarehe 2 Juni 2018, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba.

Jana, akichimba tanuri, Kelepi aliniambia, "Mke wangu, nimewaambia wanawake wote wa kijiji hiki, isipokuwa yule niliyekuwa nampelekea nyama." Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa somo lile nitalifundisha mimi, yeye akiwa nje, asiwepo dada wa mtu yeyote wa kukunja mkeka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa posta, na majirani, hasa Toakase, ambaye hana kosa lolote.

Wifi yangu, kaka yako hayumo humu, leo huna haja ya kutoka. Pumzika kwa amani.